Darasa la kufunga la shilingi 60,000: fulana waliniuliza saizi, dawa hawakuniuliza

Nianze na hesabu. Nilikuwa karani wa mizani kiwanda cha sukari cha TPC, kule Arusha Chini, miaka 27, na mtu wa mizani akisimulia bila tarakimu ujue anaficha kitu. Ada ya darasa la kufunga kula ili upungue uzito: shilingi 60,000. Chai ya majani ya "kusafisha tumbo" shilingi 25,000. Si lazima, ila kila asubuhi unaulizwa kama umeshaichukua. Vijiti vya kupimia sukari, boksi mbili, shilingi 76,000, hivyo nilijinunulia mwenyewe. Uzito siku naanza: kilo 94. Uzito leo, wiki ya 14: kilo 86 na nusu.

Najua unachotaka kusema. Kilo saba na nusu, mzee, sasa unalalamika nini? Subiri nifike soko la Mbuyuni.

Jina la darasa silitaji. Moshi ni mji mdogo, kocha ana watoto wanasoma, na sina nia ya kumfungia biashara. Ni lile la WhatsApp, la siku 60, linalotangazwa kwa picha ya mtu aliyeingia kwenye mguu mmoja wa suruali yake ya zamani. Aliyewahi kulipa ameshalijua.

Kisukari changu ni cha aina ya pili, tangu 2019. Jamaa zangu wa kiwandani wananicheka: umepima miwa ya watu maisha yako yote, sasa sukari inakupima wewe. Nilikuwa nameza metformini asubuhi na jioni, pamoja na kile kidonge kidogo, glibenklamaidi, asubuhi na jioni vilevile. Kipimo cha miezi mitatu, kile wanachotoa damu ya mkononi wakajua sukari yako imeishi vipi kwa wastani, kilikuwa 9.1 kwa mia. Daktari akasema tukiendelea hivi ataanza kunizungumzia sindano. Niliporudi nyumbani shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akanitumia tangazo la darasa. Yeye alikuwa amepungua, ni kweli, nilimwona kwenye kipaimara cha mtoto wa Kibosho nikadhani ni binti yake.

Nikatuma hela kwa M-Pesa, nikaletewa fomu. Jina. Simu. Uzito. Urefu. Lengo la uzito. "Nini kinakuumiza zaidi kuhusu mwili wako?" Nikaandika goti. Saizi ya fulana, maana ukimaliza siku 60 unapewa fulana. Nikajaza zote, nikairudisha, dakika mbili nikawa ndani ya kundi lenye watu 112.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Kwa saa 16 hauli kitu, na ndani ya saa nane zilizobaki unakula. Darasa lilipanga mlo wa kwanza saa sita mchana na wa mwisho uishe saa mbili usiku. Katikati ya hapo maji, chai ya rangi bila sukari, kahawa bila sukari. Kahawa sikulalamika, nimezaliwa chini ya mibuni. Kila siku saa kumi na moja alfajiri kocha anatuma sauti ya dakika tatu, na hapa nimpe haki yake: kijana anajua kuzungumza. Sauti yake ya siku ya nne kuhusu mtu anayefungua friji kumi na mbili kwa usiku mmoja, akidhani safari hii atakuta kitu kipya, mke wangu aliirudia mara tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nahusika.

Maana usiku ndipo mimi nilipokuwa naharibu. Taarifa ya habari inaisha, sahani ya pili ya ugali inaingia, halafu karanga, halafu Jumamosi ni bia mbili, na kama kuna sherehe ya ukoo ni mbege, na sherehe za ukoo wetu hazina likizo. Kuambiwa tu kwamba saa mbili usiku jiko limefungwa kulinisaidia kuliko hotuba zote nilizowahi kupewa kuhusu kupunguza. Kupunguza ni neno lisilo na mpaka. Saa mbili ni saa mbili.

Jirani yangu wa Majengo ni ustadhi, na kisukari chake kina umri mkubwa kuliko changu. Nilipomweleza nimelipia kufunga, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Baba Neema," akaniambia, "yaani mmeuziwa Ramadhani bila daku!"

Halafu akaacha kucheka akaniuliza swali moja: dozi umeambiwa umeze saa ngapi? Nikamwambia sijaambiwa, nameza kama kawaida. Akatikisa kichwa. Yeye kila Shaaban, mwezi kabla haujaandama, anakwenda kliniki yake na boksi la dawa mkononi. Wanampangia upya: nyingine inahamia futari, nyingine inapunguzwa kwenye daku, na anaelezwa wazi kwamba kipimo kikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi. Na mgonjwa amepewa ruhusa ya kula tangu kwenye Kitabu chenyewe, akasema, Al-Baqara, ila wengine wetu ni wabishi. Nikamsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za dini ya jirani: kwa heshima, na bila kudhani zinanihusu. Sisi Wakatoliki tuna Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hata hizo tunazikata na chai.

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri isipokuwa jambo moja. Tulitakiwa kupiga picha kipimo cha asubuhi, kile cha kujichoma kidole, na kuiweka kwenye kundi. Usiku nalala na 8.1. Asubuhi naamka na 9.4. Sijatia kitu kinywani kwa saa kumi, na sukari imepanda. Kocha akaniandikia mbele ya watu 112: "Baba, usiku jikoni kuna nini? 😂" Vicheko vikamwagika. Mke wangu akachukua simu akataka kujibu, nikamnyang'anya.

Nilikuja kuelezwa baadaye kliniki kwamba hilo ni jambo linalojulikana kabisa. Kukikaribia kupambazuka mwili unatoa homoni za kukuamsha, na ini linamimina sukari yake kwenye damu ili upate nguvu ya kuinuka. Mtu mzima wa afya, insulini yake inaidaka. Ya kwangu haiidaki. Kwa hiyo mtu mwenye kisukari anaweza kufunga usiku kucha kwa uaminifu wa mtawa na bado aamke juu. Mtu anayechukua hela za wagonjwa wa sukari anapaswa kulijua hilo kabla ya kuniuliza habari za jikoni.

Sasa Mbuyuni.

Siku ya tisa, Jumamosi ya Julai, baridi ile ya Moshi ya mawingu ambayo mlima hauonekani wiki nzima. Asubuhi nimemeza vidonge vyangu na maji, kama kawaida. Mara ya mwisho kula ilikuwa usiku wa jana, na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mzuri nilikula kidogo: mnafu, kipande cha samaki, ndizi mbili za kupika. Saa tano asubuhi nikawa kwenye ndizi, napatana mkungu wa mchare. Mama ameanzia 15,000, tumeshuka mpaka 12,000, nikatoa noti mbili za 10,000.

Hapo nikashangaa kwamba sijui anatakiwa anirudishie ngapi. Nimesimama, natazama noti, na hesabu haiji. Karani wa mizani anashindwa kutoa 12,000 kwenye 20,000. Jasho likaanza mgongoni, kwenye baridi ile, midomo ikawa kama si yangu, moyo unagonga. Na hasira. Sijui hasira ilitoka wapi. Nilimwambia yule mama maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwamba anataka kuniibia na mimi sijamtajia hata chenji.

"Mangi," akasema, "mbege asubuhi yote hii?"

Watu wakacheka. Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa meza ya pili, muuza parachichi. Hakunisogelea kwanza, alinitazama tu. "Huyu hajanywa," akasema. "Mwangalieni jasho. Mama yangu huwa hivi hivi. Leteni soda, na isiwe maji." Wakanikalisha juu ya kreti. Nilikuwa na mashine yangu ya kupimia kwenye mfuko wa kaki, tabia ya ukarani, lakini vidole havikuweza kufungua kopo la vijiti. Bibi akafungua, akanichoma mwenyewe. 2.8.

Nusu chupa ya soda ya machungwa. Baada ya robo saa tukapima tena, 4.6, na hesabu ikarudi kichwani kama umeme wa Tanesco, ghafla na bila maelezo: elfu nane. Bibi akanipa ndizi mbivu mbili akasimama juu yangu mpaka nikazimaliza, kisha akakataa hela ya soda. Kwa yule mama wa mchare niliomba radhi, nikamwachia na chenji.

Nikamtumia kocha ujumbe kueleza yote, pamoja na picha ya ile 2.8. Jibu lilikuja kwa sauti, saa mbili baadaye. "Hongera baba, hiyo ni sukari inatoka mwilini. Mwili unajisafisha. Ongeza limao na chumvi kidogo kwenye maji, usife moyo." Niliisikiliza mara mbili nikiwa bado natetemeka magoti. Akisema nisife moyo.

Jumatatu nilikuwa kliniki kabla hawajafungua. Daktari ni kijana, umri wa mwanangu wa pili. "Shikamoo mzee." Marahaba. "Leo si tarehe yako." Nikamweleza, nikaweka daftari mezani. Hakunigombeza kuhusu kufunga, nilidhani atanigomba. Aliuliza vidonge, akavipanga viwili juu ya karatasi. Hiki kikubwa, metformini, akasema, kikiwa peke yake ni nadra kukuangusha. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Hiki kidogo kinalikamua kongosho litoe insulini, na hakiulizi kama umekula. Ukikimeza asubuhi halafu ukasubiri chakula mpaka saa sita, insulini inatoka, haikuti kitu cha kufanyia kazi, inashuka na sukari iliyopo. Na glibenklamaidi haitoki mwilini upesi. "Wewe hukuugua Mbuyuni, mzee. Ulimeza dozi ya mtu aliyekunywa chai na maandazi."

Akakisimamisha kile kidogo, akaniacha na metformini pamoja na chakula, akaniagiza kupima mara nne kwa siku kwa wiki mbili na kumletea daftari. Hilo ni langu. Usinakili. Jirani yako anaweza kuwa na vidonge vya rangi ile ile na figo tofauti kabisa.

Kuhusu saa za kula hakukataa, alizihamisha. Nile kuanzia saa mbili asubuhi, niishie saa kumi na mbili jioni. Mwili unapokea chakula vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, akasema, na mtu mwenye dawa haoni saa ndefu za asubuhi bila kitu tumboni. Nikamuuliza kama kuna ushahidi au ni maoni. Akacheka, akanitajia utafiti wa Marekani wa 2018: wanaume waliokuwa njiani kuelekea kisukari, chakula chao chote kinaisha kabla ya saa tisa alasiri, wiki tano, na insulini yao ikafanya kazi vizuri zaidi ingawa uzito haukushuka. Wanaume wangapi, nikauliza. Wanane. Kwenye mizani yangu hiyo si tela la miwa, ni mzigo wa baiskeli. Akakubali.

Hapo ndipo nikaingiwa na hamu ya kukipima kile kitabu cha darasa, kurasa 34, kilicholetwa kwenye simu. Nilikaa nacho siku tatu, miwani na intaneti ya kijukuu.

Ukurasa wa sita: "Mwanasayansi wa Japani alipewa Nobel kwa kugundua faida za kufunga." Ni Yoshinori Ohsumi, na Nobel alipewa kweli, 2016. Alipewa kwa kazi yake juu ya otofaji, namna seli inavyokula na kutumia tena takataka zake zenyewe. Na kazi yenyewe aliifanya kwenye hamira. Hamira hii hii ya maandazi. Seli za hamira zikinyimwa chakula zinajila vizuri sana, nazipongeza, lakini hazina kongosho, hazimezi glibenklamaidi, na haziendi Mbuyuni.

Ukurasa wa tisa ndio ulionikasirisha. "Uingereza, wagonjwa 46 kati ya 100 walipona kisukari kwa kufunga." Utafiti upo, unaitwa DiRECT, ulitoka Desemba 2017, watu 306, Scotland na eneo la Tyneside. Asilimia 46 ya walioingizwa kwenye mpango wa chakula kisukari chao kilitulia baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka miwili walibaki 36. Lakini hawakufunga! Walipewa supu na vinywaji vya unga, kilokalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu mpaka mitano, kisha wakarudishiwa chakula taratibu. Walikuwa na kisukari kisichozidi miaka sita na hakuna aliyekuwa anatumia insulini. Waliopungua kilo 15 na zaidi ndio waliofanya vizuri kupita wote, 86 kati ya 100. Nadharia ya profesa mmojawapo wa kazi hiyo, Roy Taylor wa Newcastle, ni kwamba mafuta yaliyojazana kwenye ini na kwenye kongosho yakiondoka, kongosho linaweza kupata pumzi tena.

Na sasa sikiliza sehemu ambayo kitabu cha kurasa 34 hakikuipatia hata mstari: dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza, wahudumu wa afya wakiwafuatilia. Siku ya kwanza. Hao waliokuwa wanapunguza chakula kwa nguvu kiasi hicho walianza kwa kuangalia boksi la dawa, kama ustadhi wangu wa Majengo.

Tafiti nyingine nilizozisoma zilinipunguzia jazba ya kufunga bila kuiondoa. Australia, 2018, wagonjwa 137 wa aina ya pili: wengine walijinyima sana siku mbili kwa wiki, wengine walipunguza kidogo kila siku, na baada ya mwaka kipimo cha miezi mitatu kilishuka sawa tu. Guangzhou, China, 2022, watu 139 wenye unene, wote wamepunguziwa chakula, nusu wakabanwa pia na saa. Waliobanwa na saa walipungua kilo 8, wenzao 6.3, na wataalamu wakasema tofauti hiyo haitoshi kuitegemea. Kwa lugha ya mizani: kinachoshusha mzigo ni kilichoondolewa kwenye tela. Saa ni mlinzi wa geti. Mimi ninahitaji mlinzi, kwa hiyo nimemwajiri. Mke wangu hamhitaji. Yeye hula robo sahani saa yoyote na suruali ya 2004 bado inamwenea.

Neno lenyewe "kupona" nalo linauzwa kwa bei rahisi. Darasa linatoa cheti chenye picha ya mlima na maandishi AMEPONA, na shemeji anacho ukutani. Madaktari wana kipimo chao: kile cha miezi mitatu kiwe chini ya 6.5 kwa mia, ikiwa imekaa angalau miezi mitatu tangu uache dawa za sukari, na hata hapo husema kimetulia, kwa sababu ukirudisha kilo kinarudi. Shemeji hajawahi kuwa na kisukari.

Nisimalize kwa kumponda kocha kwenye kila kitu, maana kuna sehemu ambayo ningeilipia tena. Chakula. Madarasa mengi ya aina hii nimeona yanakuandikia mboga ambazo ukitaka kuzipata uende Shanty Town ukiwa na hela ya mzungu. Huyu aliandika chakula cha kwetu. Nusu ya sahani mnafu au mchicha au nyanyachungu, robo maharage au dagaa au nyama, robo iliyobaki ndiyo ugali au ndizi, na akapiga picha ya sahani halisi ya bati ili mtu asijidanganye na ukubwa. Alisema mtori ni chakula kizuri lakini bakuli la tatu si tena la mzazi aliyejifungua, ni lako. Alitufundisha kula mboga na nyama kwanza, wanga mwisho, na kutembea baada ya mlo. Nimepima mwenyewe: kiburu, ndizi na maharage, bakuli moja, nimekaa, saa mbili baadaye 12.3. Kiburu kilekile siku nyingine, nimetembea kutoka Majengo mpaka mnara wa saa na kurudi, 9.6. Siku mbili si utafiti, lakini ni vijiti vyangu na kidole changu.

Kundi nalo lilikuwa na joto lake. Saa nne asubuhi, ile saa tumbo linapouliza maswali, ungekuta watu wanataniana. Kulikuwa na dereva wa Coaster ya Arusha aliyekuwa anatuandikia kila harufu anayopita: "Boma Ng'ombe, nyama." "KIA, mahindi ya kuchoma." "Usa River, Mungu nisaidie."

Lakini kundi hilo hilo ndilo lililonifanya nitoke. Siku ya 20 kijana mmoja aliandika kwamba yeye anachoma insulini tangu yuko darasa la tano, je, aendelee? Kocha akajibu kwa kidole gumba. Basi. Kidole gumba cha njano. Kisukari cha tangu utotoni mara nyingi ni aina ya kwanza, mwili wake hautengenezi insulini. Akipunguza sindano kienyeji anaweza kuingia kwenye hali ya hatari ya kisukari ambapo damu inajaa asidi, na akiiacha sindano ileile na kukiacha chakula, Mbuyuni yangu itakuwa mchezo. Nilichukua namba yake kwenye kundi nikampigia. Kumbe yuko Rau, si mbali. Nilimweleza yangu, nikamwambia arudi kliniki inayomtibu kabla ya kesho. Alinishukuru kwa adabu. Wiki iliyofuata akanitumia picha ya sahani ya bati, nusu mnafu, saa moja asubuhi. Akila.

Kulikuwa pia na mama mjamzito aliyeuliza, akaambiwa "usikilize mwili wako." Sikuwa na namba ya mumewe, nikaandika wazi kwenye kundi kwamba mjamzito hafungi kwa ajili ya kupungua. Ujumbe wangu ulifutwa baada ya dakika nne. Nikaomba kurudishiwa hela.

Kocha alinipigia mwenyewe jioni ile. Mpole, wala hakubisha sana. Alisema hakuwahi kufikiria habari za vidonge kwa sababu wateja wake wa kwanza walikuwa wasichana wa mazoezini waliotaka kupungua kabla ya harusi. Hilo nalielewa, biashara ilimkua mikononi. Alirudisha 20,000 siku ya tatu. Chai ya majani hakurudisha. Iko kabatini, mke wangu anasema inanuka kama zizi baada ya mvua.

Leo, wiki ya 14, bado nakula saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Jumapili ya sherehe sihesabu saa, nahesabu vibuyu. Kipimo cha miezi mitatu kimeshuka kutoka 9.1 hadi 7.2. Mkanda umeingia matundu mawili, na la tatu nimelitoboa kwa msumari. Daktari amefurahi kwa namna yao, yaani ameandika kitu na hakunitazama vibaya. Sindano hajaitaja.

Nyota: mbili na nusu kati ya tano. Moja ni ya sahani ya bati. Moja ni ya saa mbili usiku. Nusu ni ya zile sauti za alfajiri, ambazo mke wangu anaziulizia mpaka sasa. Kama huna kisukari, humezi chochote na shida yako ni sahani ya pili ya usiku, ongeza nyota moja uende zako. Kama unameza au kuchoma kitu cha sukari, usiingie mpaka umepeleka boksi lako kliniki.

Darasa jipya linaanza Jumatatu. Shemeji amenitumia fomu nione, anadhani nitafurahi, na kweli wamebadilisha: chini ya saizi ya fulana sasa kuna "Dawa unazotumia (kama zipo)", na mstari wa kujazia. Nilijaribu kuandika zangu kwa penseli, hizi hizi zilizopungua. Metformini iliingia, ya presha ikaingia kwa kubana, na ya lehemu imebidi niiandike kwenye nafasi ya fulana.